Mpini wa Pembe Uliouacha Nusu

Louisville, Kentucky, 2015

Baba,

Nimeumaliza. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungesoma barua yote umesimama, miwani imeshuka puani, ukitafuta mahali panaposema kama ule upanga umerudi kwa mwenyewe. Umerudi. Na mpini wake ni ule wa pembe, wa kwako, umekaa kama jino kwenye fizi. Sasa keti, nikueleze vizuri.

Daniel amelala. Ni yule mtoto uliyempakata mara moja tu, ukasema ana paji la uso la mama yako. Gloria yuko shule. Mimi nimetoka zamu kule nyumba ya wazee, miguu imevimba, nilipaswa nilale. Lakini nisipokuandikia nitaendelea kuongea nawe peke yangu nikiosha vyombo, na Baba Gloria ameanza kuniangalia.

Nakumbuka siku ya kwanza ulipoleta upanga nyumbani. Tulikuwa bado Buffalo, mtaa wa West Side, kwenye ile nyumba ya mbao ambayo ngazi zake zilikuwa zinalia kuliko mtoto. Uliingia na kitu kimefungwa kwenye blanketi, ukakifungua juu ya meza ya chakula. Nilipoona chuma nilimbeba Gloria nikatoka naye hadi barazani, kwenye baridi ile. Nikakuambia kupitia mlango, "Baba, sisi tulikimbia hivi vitu. Leo unavileta mwenyewe, tena juu ya meza?" Hukunigombeza. Ulingoja nirudi ndani, ukanikalisha, ukasema, "Makali si kazi yangu, binti. Kazi yangu ni hapa mtu anaposhika."

Sikukuelewa. Chuma chenye makali kwangu kilikuwa chuma chenye makali. Lakini ulikuwa na subira ya mtu aliyezoea ng'ombe, ulinieleza kidogo kidogo, leo hiki, kesho kile, kwa Kifaransa chako cha shule ya misheni. Couteau de chasse, ulisema. Kisu cha kuwinda. Zamani mabwana wa Ulaya walikivaa kiunoni wakienda kuwinda paa na nguruwe mwitu. Kisha maofisa wa meli za vita wakakipenda, kwa sababu ni kifupi, hakinasi kwenye kamba na ngazi za meli kama upanga mrefu. Kila ofisa akajitengenezea cha kwake kwa majivuno yake, huyu kichwa cha mbwa mwishoni mwa mpini, yule kichwa cha simba, na mnyororo mwembamba ukitoka mdomoni mwa simba kushuka hadi kwenye kinga ya mkono. Mpini ulikuwa wa pembe ya paa, au mfupa, au pembe ya ng'ombe. Baadaye wakubwa wao wakaamuru wote wavae panga za aina moja, na hivi vikabaki kwenye masanduku ya wajukuu.

Na wajukuu ndio walikuwa wakimletea Bwana Walter, fundi wa panga za kale. Ulianza kwake kwa kufagia karakana, ukamwona akipasua pembe vibaya, ukaomba ujaribu. Wewe mwenyewe ulipenda kusimulia kwamba mpini wako wa kwanza ulipasuka, na wa pili pia, na Bwana Walter akakuambia kuna mlango pale kama umechoka. Hukuchoka. Yeye alikufundisha panga, wewe ukaleta mkono wa mchunga ng'ombe, mkazeeka pamoja kwenye benchi moja mkielewana kwa maneno machache sana.

Kitu kimoja tu cha nchi hii hukukisamehe. Ng'ombe wa huku wanaondolewa pembe wangali ndama. Ulipowaona mara ya kwanza kwenye shamba nje ya mji ulisimama kwenye uzio ukasema, "Ni kama wazee waliovuliwa kofia." Ndiyo maana Bwana Walter alipoagiza gunia la pembe kutoka mbali, ulizitoa moja moja ukazipanga sakafuni kwenye kile chumba cha chini ya nyumba na kuanza kuzisoma. Ulipitisha kidole juu ya pete za pembe, zile zinazojitokeza chini karibu na kichwa. "Huyu amezaa mara nyingi. Huyu alipitia kiangazi kibaya, ona hapa pameingia ndani. Huyu alipenda kujikuna upande mmoja." Mimi nilikuwa nimeshuka kukuita chakula. Nikakaa. Chakula kikapoa. Ukanipa tupa ukasema, "Vuta, usisukume. Pembe ni kama nywele, ina upande inakolala."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, Baba, nikitoka zamu, mtoto mgongoni, bila mtu yeyote kusema kwamba ninajifunza. Hata mimi sikusema. Kisha Baba Gloria akapata kazi ya ghala huku Louisville, tukahama, wewe ukabaki Buffalo na upanga wa mteja wenu, Bibi Eleanor.

Huo ndio uliouacha. Kichwa cha simba, kinga ya mkono yenye umbo la gamba la kome, chuma kimepinda kidogo tu. Mpini wake wa zamani ulikuwa umeliwa na wadudu. Ulishakata pembe mpya, umeitoboa, umeanza kuchonga ile mifereji inayozunguka mpini kama kamba iliyosokotwa. Ulifika katikati. Halafu ule ubaridi wa Februari, na moyo wako.

Sitaandika juu ya siku ile. Tulikulilia vizuri. Kanisa lote la West Side lilikuja, wamama walipika, watu walilala sakafuni. Ulizikwa ukiwa na koti lako la bluu.

Bon. Sasa sikiliza yaliyofuata.

Unajua desturi yetu, kifaa cha kazi cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaishe. Kaka yake mkubwa anakihifadhi, na siku ya kumaliza kilio anakikabidhi mbele ya ukoo. Basi Baba Mkubwa alikuja na gari kutoka Columbus, akashuka kule chini ya nyumba, akachukua kila kitu kilichokuwa kwenye benchi yako. Tupa, patasi, jiliwa la kubania, gunia la pembe. Na upanga wa Bibi Eleanor akauchukua pia, pamoja na mpini wake. Kwake yeye, kilichokutwa mkononi mwa marehemu ni cha marehemu. Hakuiba, Baba. Alikuheshimu.

Bwana Walter akanipigia simu Louisville. Alikuwa ametafuta karakana nzima, akaenda hadi nyumbani, akakuta benchi tupu. Bibi Eleanor alikuwa anahama nyumba yake kwenda kwenye makao ya wazee, na alitaka upanga wa babu wa mumewe uwe mzima kabla hajafunga mlango kwa mara ya mwisho. Bwana Walter alisema upanga ukipatikana atampelekea fundi mwingine, wa mji mwingine, anayemimina mipini ya plastiki inayofanana na pembe. Nilimuuliza, na ule aliouanza baba yangu? "Utatolewa," akasema.

Utatolewa. Yaani utatupwa.

Nikamwambia kazi hiyo anipe mimi. Akaniuliza kama nina vifaa. Nikasema ninavyo. Sikuwa nacho hata kimoja, Baba, vyote vilikuwa kwenye gereji ya Baba Mkubwa, Westerville, pembeni mwa Columbus, vimefunikwa kwa kitenge. Lakini nilijua nikisema sina, mazungumzo yameisha.

Nikamfunga Daniel kwenye kiti chake, Baba Gloria akanipa ufunguo wa gari, nikaendesha hadi kwao Ohio nikiimba ili nisisinzie.

Nilipoingia jikoni kwa Mama Mkubwa, nilimkuta kwenye sinki, mikono hadi kwenye viwiko ndani ya povu. Ameshika upanga wa Bibi Eleanor. Ana limau, ana majivu, ana ile waya ya kusugulia sufuria, na ile shaba ya kinga ya mkono upande mmoja inawaka kama sahani ya harusi.

Nilipiga kelele. Yeye akashangaa.

"Nini? Si ni kitu cha watu? Tutakirudisha na uchafu hivi, waseme kwetu, kwa Batware, hatuna sabuni?"

"Mama Mkubwa, ule si uchafu. Ule ni umri wake. Watu wanalipia ule."

"Wanalipia kutu?"

"Wanalipia."

"Wazungu hawa," akasema, akaweka limau chini polepole. "Donc mimi nimemsafisha mzee wa watu mpaka akawa kijana."

Nilitaka kulia, nikacheka. Kisha nikalia. Akanikausha uso kwa ile ile aproni yenye limau. Nashukuru Mungu alikuwa bado hajagusa chuma chenyewe.

Baba Mkubwa yeye hakucheka. Nilipiga magoti nikamsalimu kama inavyopaswa, nikamwomba vifaa vyako. Akasema matanga hayajaisha. Nikamwomba basi tuyamalize. Akasema yakiisha, vifaa ni vya Eli, ndiye mtoto wa kiume. Nikamwambia Eli anasoma kompyuta pale chuoni, hajawahi kushika tupa. Akaniangalia kwa yale macho yenu, yako na yake, ambayo mtu hajui kama yamekasirika au yamechoka.

"Riziki, wewe una mtoto kwenye titi. Tangu lini mwanamke mwenye kunyonyesha alipewa upanga wa marehemu?"

"Upanga una mwenyewe, Baba Mkubwa. Mimi naomba tupa."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja. Baba alisema kazi yake ni pale mtu anaposhika. Hiyo ndiyo ninayoitaka, na sitarudi Louisville bila hiyo."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Nililala pale kwao. Siku iliyofuata pia. Nilipika, nikafagia, nikanyonyesha, kila alipopita nikamsalimu vizuri na kumwomba tena. Mama Mkubwa akamwambia nikisikia, "Huyu ni mtoto wa ndugu yako kweli. Hata ukimfukuza atakuaga kwa heshima halafu akae." Mwisho Baba Mkubwa akapiga simu. Jumamosi ukoo ukaja, wa Columbus na wachache waliopanda basi kutoka Buffalo, tukamaliza kilio chako kwenye sebule ya Westerville, viti vimekopwa kanisani.

Waliomba, wakaimba, tukanyoa kidogo nywele za mbele kama ishara. Kisha Baba Mkubwa akaleta kitenge, akakifungua, vifaa vyako vikaonekana, na kikombe chako cha maziwa. Maziwa yenyewe yalikuwa ya galoni, ya dukani. Mzee mmoja akachungulia akasema, "Haya maziwa yamewahi kumwona ng'ombe?" Watu wakacheka, hata Baba Mkubwa.

"Eli, simama," akasema. "Atakayekunywa hapa, kazi ya baba yenu iko yake, na hakuna atakayemnyang'anya."

Eli akasimama. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanitazama. Mdogo wangu huyu, ambaye ulisema ana maneno mengi kuliko kazi, siku ile maneno yake yalikuwa machache. "Baba Mkubwa, nikinywa nitakuwa namdanganya Baba. Mimi hata msumari sijui kugonga. Huyu ndiye alikaa naye kule chini." Akaniletea kikombe, mbele ya wote.

Baba Mkubwa akaingiza mkono kwenye gunia, akatoa pembe moja, akaniwekea mkononi.

"Sema," akasema.

Nilikuwa na Daniel begani. Nikampa Mama Mkubwa. Nikapitisha kidole kama ulivyokuwa ukipitisha, kutoka chini kwenda juu, macho nimefumba. Nikasema huyu ni jike, alizaa mapema, na akazaa tena bila kupumzika. Nikasema hapa alikosa majani, pameingia ndani. Nikasema ncha imelika upande wa kushoto, alikuwa akijikuna kwenye mti au kwenye ukuta.

"Kwenye ukuta," akasema yule mzee wa maziwa. "Mti haukati hivyo."

"Mti unakata hivyo kama una gamba gumu," akasema mwingine.

"Leta nione. Hapo hakukosa majani, hapo aliugua. Majani yakikosekana pete zinakaribiana, haziingii."

"Wewe uliwahi kuchunga wapi? Mbuzi zako zilikuwa kumi na zote zilikuwa za shemeji."

Basi, Baba, ungeona. Wazee wote wamesogeza viti, pembe inapita mkono hadi mkono, miwani inavuliwa na kuvaliwa, watu wanaobeba masanduku ghalani wiki nzima wanabishana juu ya ng'ombe ambaye hatukumjua, kana kwamba amepotea jana na lazima apatikane kabla ya jioni. Baba Mkubwa ndiye aliyebisha kuliko wote. Alisema aliugua, na aliugua wakati ana mimba. Akanigeukia. "Baba yako angesema nini?"

"Angesema aliugua," nikajibu. "Mimi nasema alikosa majani."

Baba Mkubwa akasukuma kitenge na vyote vilivyokuwa juu yake mpaka kwenye magoti yangu. "Kunywa," akasema. "Yatapata moto hayo maziwa."

Nikanywa yote. Wamama wakapiga vigelegele mpaka jirani Mmarekani akaja dirishani.

Kazi yenyewe nimeifanyia hapa, kwenye kile chumba kidogo cha kufulia nguo, jiliwa nimelifunga kwenye meza ya pasi ya zamani. Nilifanya Daniel akilala, na akiamka nilimfunga mgongoni nikaendelea. Vumbi la pembe lilinuka hadi kwa majirani. Gloria alisema kwa Kiingereza chake kwamba nyumba inanuka kama nywele zilizoungua, na kwamba hatawaleta rafiki zake. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba babu yake alimnunulia viatu vyake vya kwanza kwa harufu hiyo. Akaja kushika taa.

Mfereji wangu wa kwanza ulitetemeka. Nilikuwa nasukuma. Nikakusikia wewe nyuma yangu ukikohoa kile kikohozi cha kumwambia mtu amekosea bila kumwambia. Nikavuta. Pembe ikakubali. Kuanzia pale sikusimama kuogopa, nilisimama tu kunyonyesha. Mwisho nikaung'arisha kwa majivu na siagi kama ulivyokuwa ukifanya, mpaka ule weusi ukatoa rangi ya asali ndani yake.

Nikaupeleka Buffalo mwenyewe. Bibi Eleanor alikuwa ameketi karakanani, mkoba magotini. Kabla hajaushika nilimwambia ukweli wote kwa Kiingereza changu hiki hiki: kwamba mama yangu mkubwa ameing'arisha shaba upande mmoja, kwamba kwetu kitu cha watu hurudishwa kimesafishwa, na kwamba hatukujua. Bwana Walter akashika kichwa. Akasema shaba itarudi kuwa nyeusi, lakini itachukua miaka. Bibi akageuza upanga huku na huku, upande wa uzee na upande wa ujana. "Hiyo miaka nitawaachia wajukuu," akasema. Kisha akafunga vidole kwenye mpini. Ana vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, nawajua watu wa hivyo, nawalisha kila siku. Vilikaa kwenye mifereji vyote, kila kimoja mahali pake. Akaushika hivyo, kisha akamwambia Bwana Walter, "Sasa nitahama."

Alipoondoka, Bwana Walter alinionyesha panga mbili nyingine zinazongoja mipini, moja ya kichwa cha mbwa, moja ya kichwa cha tai. Zote mbili ninazo hapa, Baba, nyuma ya mashine ya kufulia, juu ambako watoto hawafiki. Benchi yako haikufungwa. Imehamia Kentucky.

Kupumzika kwako kuwe kwema, Baba yangu. Usihangaike na sisi. Nakuahidi tupa zako hazitaota kutu nikiwa hai, na Gloria akitaka nitampa pembe asome, na Daniel akitaka nitampa pia, na wasipotaka sitawalazimisha, nitachonga peke yangu nikikuzungumzisha. Nitakuja Buffalo theluji ikiisha kusafisha kaburi lako. Hilo litang'aa, liwe na umri au lisiwe nao.

Na jambo moja zaidi, halafu nikalale. Siku ile kabla hatujampa Bibi Eleanor, Bwana Walter aliupeleka mpini dirishani, kwenye mwanga, na kile kioo chake cha kukuzia jichoni. Akauzungusha taratibu, mara nyingi. Kisha akaniuliza, "Baba yako aliishia wapi?"

Nikamwambia atafute.

Akatafuta tena, akashindwa, akautua. Mpaka leo sijamwambia. Ninakuambia wewe peke yako: uliishia pale kidole cha pete kinapokaa.

Ni mimi binti yako,
Riziki